Mgeni wa Boinali

Watu wote watakuapia kwamba mume wangu hanywi. Muulize muuza samaki, muulize muadhini, zunguka mtaa wetu wa Mahabibo wote ukitaka. Boinali hajawahi kukaa penye walevi, hajawahi kununua chupa kwa ajili ya koo lake, na swala tano hazimpiti. Anayekunywa ni mgeni wake.

Kama wewe si mtu wa pande zetu, utacheka. Haya, cheka, ukimaliza usikilize. Mgeni ninayemsema ni trumba, roho ya mmoja wa watawala wa Kisakalava waliokufa zamani, kabla Mfaransa hajakanyaga kisiwa cha Nosy Be. Alimpanda Boinali tukiwa bado tunakaa huko Nosy Be, baada ya homa iliyomlaza mpaka tukaanza kumsomea Yasini. Mganga alifukiza ubani, mgeni akajitaja jina, akasema amempenda huyu awe kiti chake, na mume wangu akapona. Basi ndivyo tunavyoishi. Mashehe wanatukaripia, tunaitikia ndiyo shehe, na wake zao ndio wa kwanza kuja kumuuliza mgeni habari za mabinti zao.

Mgeni akipanda, anaongea Kisakalava cha kale ambacho Boinali mwenyewe hakijui vizuri. Anataka shuka jeupe, anataka kupakwa chokaa usoni, na anataka rumu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu kila akija alipewa chupa, akaimaliza mpaka tone la mwisho. Kisha anaaga, Boinali anaanguka magoti, anafumbua macho, anaomba maji na kuuliza, "Nani alikuja? Amesema nini?" Sisi tuliokuwepo tunamweleza, maana yeye hakumbuki lolote. Na watu wanaamini kwamba rumu imeondoka na yule aliyeinywa. Kiti ni kiti tu. Mtu akikaa juu ya kiti akala wali, kiti hakishibi.

Maneno matamu hayo! Lakini mimi Charifa ndiye ninayelala naye kitanda kimoja. Siku ya mgeni jasho la mume wangu linanuka rumu mpaka kwenye mto. Anajikwaa kwenye kizingiti anachokivuka kila siku. Anatafuta kiatu ambacho amekivaa. Anacheka jambo lisilochekesha, halafu anakasirika bila sababu, halafu usingizi unambeba mdomo wazi. Usiku kucha anatoka kwenda kujisaidia, na asubuhi anaamka na kiu, kichwa kinamgonga, hata mlio wa sufuria ni ugomvi. Nikimwambia, "Baba Nadjma, wewe umelewa," ananitazama kwa uchungu kabisa. "Mimi? Ulimi wangu haujagusa kitu." Na hasemi uongo, kwa jinsi anavyojua yeye. Hilo ndilo lililokuwa likiniudhi, maana mwongo ningemkomesha zamani.

Siku ya Houssen nitaieleza kwa ufupi. Houssen alikuwa mtoto wa Hachimia, mama mdogo wa Boinali, na hao wawili walilelewa pamoja kijijini Andilana kwenye sahani moja. Boinali alikuwa dereva wa lori la mzungu mmoja mwenye shamba la milangilangi. Maua yale huchumwa kabla jua halijapanda, na lazima yafike kwenye mitungi ya kukamulia mafuta yakiwa mabichi, la sivyo harufu inakufa. Asubuhi ile lori lilikuwa jipya, na desturi ni kumshukuru mgeni kabla ya kuanza kazi na chombo kipya. Tukamshukuru. Akaja, akanywa, akaondoka. Boinali akanawa chokaa usoni, akashika usukani, na Houssen akapanda nyuma juu ya magunia ya maua akiimba.

Kwenye mteremko wa kwenda Dzamandzar kuna kona ambayo Boinali aliipita maisha yake yote. Siku ile hakuikata. Wakata miwa waliokuwa karibu walisema hawakusikia breki, walisikia lori likienda moja kwa moja kana kwamba barabara inaendelea. Boinali alitoka na mkwaruzo wa paji la uso. Houssen walimtoa chini ya magunia, maua yamemjaa nywele, na alikuwa amekwisha kufa. Nilipomfikia mume wangu alikuwa amekaa majanini akirudia maneno yale yale: "Kona niliiona, Charifa. Niliiona vizuri. Ila mguu ulichelewa."

Askari wa Kifaransa alimnusa mdomo, akasema huyu ni mlevi. Boinali akaapa kwa Mungu kwamba hanywi. Andilana nzima ikaenda kumtolea ushahidi, wazee kwa vijana, na wote walisema kweli waliyoijua: aliyekunywa ni mgeni, na mgeni alikwisha ondoka. Hakimu hakutaka habari za wageni. Akamfunga, akamnyang'anya leseni. Watu wakasema Mfaransa amemwonea, na mimi nikanyamaza, kwa sababu mume akitiwa pingu, mke hamwongezei nyingine. Hachimia naye alinyamaza. Alimzika mtoto wake wa pekee, akarudi jikoni kwake.

Boinali alipotoka jela tulihamia Mahajanga, hapa Mahabibo, kwa jamaa zetu wa Kingazija. Yeye alibeba magunia bandarini, mimi nikakaanga vitumbua. Miaka ikapita kwa utulivu, na binti yetu Nadjma akakua. Mgeni alikuja mara mojamoja, akanywa, akaenda zake, na kwa kuwa mume wangu hakuwa na kitu cha kuendesha zaidi ya miguu yake, nilivumilia. Kilichoniuma ni kimoja tu. Katika miaka yote hiyo Boinali hakuwahi kumwomba Hachimia radhi. Alimlilia, alimpelekea vitambaa na mchele, lakini radhi hakuiomba. Kwa nini aiombe? Kwa hesabu yake hakukosa. "Ni kadari, mama," ndiyo salamu aliyomtumia kila mwaka.

Halafu tajiri mmoja wa mchele akatafuta dereva wa kwenda Marovoay. Leseni ilikuwa imerudishwa, Boinali akapewa lori. Lo! Mtu alikuja nyumbani anatembea juu ya vidole kwa furaha. Aliliegesha lori mbele ya mlango, akalizunguka akilipangusa kwa kanzu yake mwenyewe.

"Jumamosi naanza," akasema. "Abiria wamekwisha jiandikisha, watakaa juu. Nadjma atakaa mbele na mimi, akamwone shangazi yake Marovoay. Asubuhi tutamshukuru mgeni, halafu tunaondoka."

Nikaweka mwiko chini. "Ebo! Utamshukuru mgeni halafu ushike usukani?"

"Mgeni akiondoka, ameondoka."

"Na ule mguu uliochelewa?"

"Kadari ya Mungu, mama Nadjma. Usiikufuru."

"Basi mshukuru, halafu uondoke kesho yake."

"Abiria wanataka Jumamosi, na tajiri anataka Jumamosi. Nisipomshukuru mgeni, atanirudisha kwenye homa ile. Unataka kunizika?"

"Nataka nisimzike Nadjma!"

Akatoka nje kwenye lori lake. Nilizunguka kwa majirani kutafuta wa kuniunga mkono. Ng'o! Kila niliyemweleza alinijibu kwamba kiti hakishibi. Wengine wakanicheka kwamba namwonea trumba wivu. Nikarudi nyumbani nina hasira ya kuvunja vyungu, na chini ya hasira nilikuwa naogopa kweli.

Siku chache kabla ya Jumamosi, Hachimia akafika kwa meli kutoka Nosy Be. Hatukumwita. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, na sauti yake ilikuwa ya chini mpaka lazima uache kutwanga ili umsikie. Boinali alimbusu mikono, akamtandikia kitanda chetu, akaenda kumtafutia samaki mzuri. Tulipobaki wawili jikoni, akasema, "Nimesikia amepewa lori."

"Amepewa, mama. Na Jumamosi anataka kufanya vilevile."

"Nilijua. Ndiyo maana nimekuja." Akachukua ungo, akaanza kunichagulia mchele. "Charifa, mimi sikuja kudai mtoto. Houssen amekwenda kwa Mola wake. Lakini nimekaa na radhi moyoni miaka yote hii, nataka kumpa Boinali, na sina pa kuiweka. Utampaje radhi mtu anayesema hakufanya?"

"Mwambie alikunywa. Wewe atakusikia."

"Akiambiwa hatasikia. Alipeleka kijiji kizima kwa hakimu." Akapuliza makapi. "Lazima ajione mwenyewe."

Nilimuuliza atajionaje. Akaendelea kuchagua mchele wake. Nikasema moyoni, huyu bibi wa watu amezeeka, nisipofanya kitu mimi hakuna atakayefanya. Basi Jumamosi, kabla ya alfajiri, nikachukua hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini ili iwake, nikaifukia ndani ya gunia la mkaa.

Asubuhi watu wakajaa uani. Ubani ukafukizwa, makofi yakapigwa, shuka jeupe likatandikwa. Mgeni akapanda. Akamsalimia kila mtu kwa cheo chake, na alipofika kwa Hachimia akamshika mabega kwa muda mrefu. Hachimia akamwinamia kwa adabu, kama inavyotakiwa. Chupa ikaletwa. Nikaitazama ikishuka, robo, nusu, mpaka chini, na kila koo lake lilipopanda na kushuka mimi nilimwona Nadjma ndani ya lori. Mwisho mgeni akaaga. Boinali akapiga magoti, akafumbua macho, akaomba maji.

"Amesema nini?"

"Ametaka kondoo mweupe," nikamjibu. "Na amekushukuru."

Akanawa uso, akavaa shati safi. Nje abiria walikuwa wamekwisha panda na mafurushi yao. Nadjma alikuwa mlangoni, viatu mguuni, kikapu mkononi, anacheka na wenzake. Boinali akaenda kwenye lori, akarudi.

"Mama Nadjma, hendeli iko wapi?"

"Itafute kwa hayo macho yako mazima."

"Charifa! Watu wanangoja!"

"Wangoje mpaka Kiyama. Hutoki hapa!"

Sauti zetu zikapanda, majirani wakachungulia. Mimi nilikuwa nimeshikilia mlango kwa mikono miwili, naye uso umemwiva, pumzi yake inanuka kama pipa. Hapo Hachimia akasema kutoka kwenye mkeka, kwa sauti ile ile ya chini, na sote tukanyamaza ili tumsikie.

"Mwanangu, dereva haanzi safari bila kahawa. Njoo unimiminie kwanza."

Kwetu mdogo ndiye anayemmiminia mkubwa. Birika huinuliwa juu, kahawa inashuka mstari mwembamba ndani ya kikombe kidogo, na kumwaga ni aibu. Huko Andilana Boinali na Houssen walikuwa wakishindana kila Idi nani ataliinua birika juu zaidi, na Boinali alishinda kila mara. Alijivunia hilo kuliko hata udereva. Hasira ikamtoka usoni. Akacheka, akaketi mbele ya mama yake mdogo, akachukua birika.

Hachimia hakukiweka kikombe kwenye sinia. Alikiweka juu ya kiganja chake, akakinyoosha.

Boinali akainua birika. Kahawa ikashuka nje ya kikombe, ikamwagikia mkono wa mwanamke yule, moto, mpaka kwenye kiwiko. Nilipiga kelele mimi. Yeye hakuutoa mkono.

"Mama! Samahani, mama, sikukusudia..."

"Najua. Mimina tena."

"Umeungua!"

"Mimina tena, mwanangu. Taratibu."

Akaliinua birika, mara hii karibu kabisa na kikombe. Akakunja uso, akafumba jicho moja. Mkono ukaenda huku, akaurudisha, ukapitiliza. Kahawa ikagonga ukingo wa kikombe, ikamwagika tena juu ya ngozi ambayo ilikuwa imekwisha kuwa nyekundu. Hakuna aliyecheka uani. Hata abiria juu ya lori walikuwa wanaangalia ndani.

"Huoni kikombe?" Hachimia akauliza.

"Nakiona, mama. Nakiona vizuri. Ila mkono ulichele..."

Hakulimaliza neno. Nilimwona akiyasikia maneno yake mwenyewe. Alilitazama birika, akautazama mkono wake mwenyewe uliolishika, akageuka akamtazama Nadjma pale mlangoni na vile viatu vyake. Akaliweka birika chini kwa mikono miwili, na hata hapo likagonga sinia.

"Mgeni wetu alikwisha kuaga," Hachimia akasema. "Sote tulimwona akienda. Basi hii kahawa nani ananimwagia?"

Boinali akautazama ule mkono ulioungua. Machozi yakamshuka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema habari ya kadari.

"Ni mimi, mama. Yeye anaondoka, na rumu inabaki kwangu. Ilibaki siku ile pia. Nilishika usukani nimelewa nikamuua ndugu yangu. Niwie radhi."

Uani watu walishusha pumzi. Mimi nilikuwa nalia kama mtoto, wala sioni haya kusema. Nikamgeukia Hachimia nikingoja atamke lile neno alilokuja nalo kutoka ng'ambo. Akajifuta mkono kwa ncha ya leso yake.

"Sitakujibu sasa," akasema.

"Mama..."

"Leo umelewa, Boinali. Hata swala Mungu ametukataza kuisogelea hali tumelewa, mpaka tujue tunachokisema. Nenda kalale. Kesho ukijua unachokisema, uniambie tena."

Boinali akainuka, akaingia ndani kwa kuyumba, akajigonga bega kwenye mwimo wa mlango. Sasa alijiona. Alisimama akaushika ule mwimo, akautazama, halafu akaenda kulala.

Mimi nikatoka nje. Nikawaambia abiria washuke, safari hakuna. Wakaniuliza kwa nini.

"Dereva wenu amelewa," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni.

"Boinali? Boinali hanywi!"

"Leo amekunywa chupa nzima. Shukeni!"

Walishuka wakinung'unika, na mmoja aliniita mwanamke asiye na heshima. Jioni tajiri akatuma mtu na dereva mwingine, nikaichimbua hendeli kutoka kwenye mkaa nikampa. Lori likaondoka. Boinali alipata la mtu mwingine baadaye, na mgeni bado huja, hatukumfukuza, maana ndiye aliyemponya. Lakini siku ya mgeni na siku ya pili yake Boinali hendeli hunipa mwenyewe, bila kuulizwa, nami huilalia.

Usiku wa Jumamosi ile Boinali alitoka jasho, akanywa maji mtungi mzima, akalalamikia kichwa. Sikumgombeza. Alfajiri nilimsikia akitia udhu, akaswali, akakaa muda mrefu juu ya msala. Kisha akaenda jikoni, akawasha moto mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu tuoane.

Hachimia alikuwa ameketi kwenye mkeka. Mkono wake nilikuwa nimeupaka asali, na ngozi ilikuwa imetoka malengelenge. Boinali akapiga magoti mbele yake na birika. Mwanamke yule akakiweka kikombe juu ya kiganja kile kile kilichoungua, akakinyoosha.

Boinali alisita. Kisha akaliinua birika juu, juu kabisa kama zile Idi za Andilana, na kahawa ikashuka mstari mmoja mwembamba mpaka kikombe kikajaa. Hakuna tone lililomwagika. Akaliweka birika chini, akayasema tena maneno yote ya jana, polepole, akilitaja jina la Houssen, na sauti yake haikukatika mpaka alipomaliza.

Hachimia akanywa kahawa yake mpaka mwisho. Halafu akakirudisha kikombe kwenye sinia, akamshika kichwa.

"Radhi, mwanangu," akasema. "Sasa na mimi nikumiminie, unywe."